Gobori la Tata Mwape

Ipo siku moja ambayo hunirudia, mwanangu, kila ninapoona mtu amekamata bunduki huku anacheka. Jana ilinirudia kwa nguvu hata nikaiacha sahani yangu ya bukari, ugali wetu, na mboga ya sombe ikapoa mezani, kwa sababu mtu aliyekamata bunduki huku anacheka ulikuwa wewe.

Dada yako ndiye aliyenionyesha picha hiyo kwenye simu yake. Mlikuwa mnachimba msingi wa ukuta katika kile kiwanja chenu, sururu ikagonga chuma, mkatoa bunduki ya zamani ambayo mti wake umeliwa na mchwa na mtutu wake umekuwa mwekundu kwa kutu. Hapo hakuna kosa. Ardhi ya kwetu imemeza vitu vingi, na mara moja moja huvitapika. Kosa ni vile ulivyoipandisha begani, ukafumba jicho moja, ukamwelekezea rafiki yako, naye amenyoosha mikono juu, meno yote nje. Chini ukaandika kwamba ni kitu cha mababu.

Nilikupigia hapo hapo na, Mungu ashukuriwe, ukapokea. "Kambo, ni chuma tu, ilishaoza," uliniambia, kwa lile jina mnalotuitia bibi zenu. Nikakwambia uilaze chini polepole, mdomo wake uangalie lile lundo la udongo, watu wote wasogee, na mtu asiiguse tena mpaka waje wanaohusika. Ukafanya hivyo. Niliusikia mtutu ukigusa mchanga, nikasikia na viatu vya wenzako vikienda mbali, ndipo nikapumua. Lakini mwanangu, mimi si mjinga. Nilikisikia pia kile kicheko kidogo ulichokifunika kwa adabu. Ulimtii bibi kizee mwenye woga wake. Utii wa namna hiyo siutaki, maana siku bibi kizee hayupo, na utii unakwenda naye. Kwa hiyo kaa nikusimulie, na kama una chai yako, endelea kunywa.

Nchi yetu wakati ule iliitwa Zaire, na mkoa wetu uliitwa Shaba. Mama yako alikuwa mtoto wangu wa kwanza, na wa pekee kwa siku zile. Meno ya mbele ya utoto yalikuwa yameng'oka, na hakutulia mahali. Padri alikuwa amembatiza Anyesi, lakini majina ya namna hiyo yalikuwa yamepigwa marufuku ofisini, basi kanisani alikuwa Anyesi na shuleni alikuwa Chanda, na mwenyewe aliitikia lile lililoitwa na mtu mwenye kitu cha kula mkononi.

Mimi asili yangu ni kaskazini. Baba yangu alikuja huku na kazi ya reli, na kwetu mtu akifa tuliimba, tukasali rozari, tukazika, tukaenda nyumbani. Nikaolewa na babu yako, kijana wa tanuri la shaba, ambaye watu wake walitoka upande wa Kasomeno, kwenye barabara ya Kasenga. Kwao mtu akifa, ndipo mambo yanapoanza.

Baba yake babu yako aliitwa Tata Mwape. Alikuwa mwindaji tangu ujana, na hata alipohamia mjini, hapa hapa Bel-Air, aliweka shamba la mahindi nje ya mji, na nguruwe pori wa kule walimjua kwa jina. Alikuwa na gobori, bunduki ya kizamani ambayo baruti yake hushindiliwa kwa ufito kupitia mdomo wa mtutu. Aliirithi kwa mjomba wake, na mjomba aliirithi kwa mjomba wake, hadi huko nyuma kwenye misafara ya pembe. Kisha ikaja ile miaka ya vita mkoani. Askari wakawa wanapita nyumba kwa nyumba wakiulizia silaha, na mtu aliyekutwa na kitu alikuwa na maelezo marefu ya kutoa. Tata Mwape akasema gobori lake amekwisha kulitoa. Sote tukaamini. Mtu mmoja tu alijua kwamba halikutoka nyumbani, naye ni mke wake, mama mkwe wangu, mwanamke wa maneno machache ambaye hata ukimwuliza habari ya asubuhi alifikiri kwanza.

Tata Mwape alitutoka wakati wa kiangazi, ile baridi yetu inayopasua midomo. Kilio kikawekwa uani kwake. Sasa nikueleze mambo mawili ya kilio chao, maana bila hayo utaona nakusimulia watu wapumbavu, nao hawakuwa wapumbavu.

La kwanza ni mjane. Mjane wa kwao hukaa chini mkekani, miguu ameinyoosha, kitambaa kimefunika kichwa mpaka machoni. Hapandishi sauti, haamuru mtu, hasimami bila kushikwa mkono. Akitaka kitu humnong'oneza mwanamke aliyewekwa ubavuni mwake, na huyo ndiye anayesema. Hukaa hivyo mpaka ukoo wa mume umtakase. Akikivunja kile kimya, husemwa kwamba amemfukuza marehemu kabla hajafika anakokwenda, na mwanamke aliyesemwa hivyo hana tena mahali katika ule ukoo. Mwanamke aliyewekwa ubavuni mwa mama mkwe nilikuwa mimi. Na aliyetulinda sote wawili kama polisi wa barabarani ni dada ya marehemu, Shangazi Mulenga, mrefu, mkali, ambaye sikuwa nimemwona akitabasamu tangu harusi yangu, na hata harusini sina hakika.

La pili ni watani, ambao wao huwaita banungwe. Koo za kwao zinataniana tangu zamani. Tata Mwape alikuwa wa ukoo wa Mamba, na Mamba hutaniana na Samaki. Penye msiba wa Mamba, Samaki huja kufanya vituko. Huvaa nguo za marehemu, huiga alivyokohoa na alivyotembea, hunyakua sufuria jikoni na kukimbia nayo. Watu hulia kwa jicho moja na kucheka kwa jingine, na kusema kweli inasaidia. Mimi mwenyewe, mtoto wa rozari, niliona inasaidia. Lakini sheria yake ni moja tu, kwamba mtani hakatazwi. Ukikasirika, umeshindwa. Ukimwambia aache, huo ndio utamu wenyewe, umekwisha kuingia mchezoni.

Basi alasiri moja baada ya mazishi, ua umejaa watu, wanaume wamezunguka moto, wanawake wamekaa kwenye mikeka, akaingia ndani Tata Bwalya. Huyu alikuwa mtu wa ukoo wa Samaki, mnene, mwema, mwenzake babu yako pale tanurini, na kwa kuigiza watu hakuwa na mpinzani Bel-Air nzima. Alikwenda kutafuta nguo za marehemu. Tukasikia vitu vikianguka ndani, na alipotoka amevaa koti la Tata Mwape na kofia yake, na begani ameweka gobori. Alikuwa amelikuta juu darini, limeviringishwa ndani ya mkeka mzee.

Vigelegele vilivyopigwa pale, mwanangu. Wazee wa Mamba ndio waliofurahi kuliko wote, maana bunduki ya mjomba imerudi siku ya msiba wake, nani asingesisimka. Hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba ina kitu ndani. Ilikuwa nzee, ina kutu, imelala darini miaka. Sisi wanadamu kitu kikizeeka tunadhani kimekufa. Uliza mabinti wa hapa kwangu wanavyonisengenya nikiwa nimeketi nao chumba kimoja.

Bwalya akaanza kutembea kwa mwendo wa Tata Mwape, goti moja gumu, kifua mbele. Sauti yake ilikuwa ya marehemu mwenyewe, mtu angeapa. "Nyama iko wapi leo?" akauliza. "Batoto bana njaa kwangu." Watoto wakaelewa mchezo bila kufundishwa. Wakapiga magoti, wakawa swala, wakawa nguruwe. Na aliyekuwa mbele ya wote ni mama yako. Alikuwa ameokota mabua mawili ya mahindi akayashika kichwani kuwa pembe, anarukaruka mbele ya Bwalya, anamchokoza.

Hapo ndipo nilipouhisi mkono wa mama mkwe. Ulinishika kifundo cha mkono kwa nguvu hata kucha zikaingia. Akaninong'oneza, "Mwambie aiache. Iko na baruti ndani. Bwana yangu alikuwaka anaiacha hivyo hivyo imejaa, sababu ya nguruwe."

Nilisema, mwanangu. Ujue kwamba nilisema, tena kwa sauti. Nilimwita Tata Bwalya, nikamwambia mama anasema aiweke chini, iko na baruti. Na Bwalya akageuka kwa watu, akatanua mikono. "Munasikia? Ba Mamba banaogopa Samaki leo." Ua mzima ukacheka. Nikasema mara nyingine, na sasa machozi yananitoka, lakini penye kilio machozi si habari. Mwanamke mmoja nyuma yangu akanipapasa mgongo akaniambia, "Pole, mama, alikuwa mukwe muzuri." Alidhani namlilia Tata Mwape.

Unaona jambo lilivyofungana? Kila onyo lilikuwa mchezo, na kila chozi lilikuwa msiba. Niliinuka nusu nimfuate mtoto wangu, mkono wa Shangazi Mulenga ukanikandamiza begani. "Muntu wa kushika mujane hasimame," akasema. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anafanya kazi yake, na onyo langu alilisikia kama mchezo, sawa na wengine.

Bwalya akashusha bunduki begani. Akavuta nyuma kile kinyundo kinachopiga fataki ya kuwashia baruti. Kilikuwa na kutu, kilikataa kwanza, kisha kikakubali, kikalia. Watu wakapiga makofi. Na Chanda wangu akasimama mbele ya mdomo wa ule mtutu na pembe zake za mahindi, akauchungulia, akacheka na lile pengo lake.

Mkeka ukasogea chini yangu. Mama mkwe alikuwa amesimama.

Hakushikwa mkono na mtu. Alivua kile kitambaa usoni, akakiacha kianguke, na hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayeomba apewe maji. "Bwalya. Geuza ile bunduki ku kichuguu. Iko na baruti ndani. Ni mimi njo nasema."

Sijawahi kusikia kimya kama kile mahali penye watu wengi namna ile. Hata moto nadhani uliacha kulia. Kimya kingi kina mshindo mkuu, husema wahenga, na mimi niliungoja mshindo huo utoke mtutuni. Sauti ya mtu mwingine yeyote ingekuwa sehemu ya mchezo. Sauti ya mjane haimo mchezoni, haimo popote, na kwa hiyo kila mtu aliiamini.

Uso wa Tata Bwalya ukabadilika, ukawa tena uso wa Bwalya. Mama mkwe akaendelea kumwongoza, neno baada ya neno, kama mtu anayemvusha mtoto kwenye ubao juu ya mtaro. "Kidole toa. Ee, hivyo. Sasa geuka polepole." Nyuma ya nyumba kilikuwapo kichuguu kikubwa, kirefu kuliko paa, kile ambacho vijana walikuwa wanakikata udongo wa matofali. Bwalya akakigeukia. "Ilalishe chini. Usiitupe. Mudomo iangalie kichuguu. Sasa rudi nyuma." Akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akagonga watu. "Batoto bote bapite kule mbele ya nyumba."

Nilimfikia Chanda bila kujua nimepita wapi. Shangazi Mulenga hakunishika tena. Nilimbeba mtoto mkubwa yule, miguu yake inaburuta, naye ananipigia makelele kwamba nimemvunjia pembe. Ee Mungu, nilivyozipenda kelele zile. Nilimbusu mpaka akachoka, na hakujua kwa nini.

Sasa sikiliza hapa, maana hatari ilikuwa haijaisha, na watu wengi huumia wakati wanapodhani wamepona. Kijana mmoja wa ukoo akajitokeza, kifua wazi, akasema tuipige juu hewani tuone kama kweli imo. Mwingine akasema kinyundo kirudishwe taratibu tu, yeye anaweza. Mama mkwe akawakatalia wote wawili. "Ikae," akasema. "Kama haina kitu, imekaa bule, hakuna hasara." Na mimi maneno hayo nimeyaweka moyoni kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia kanisani, padri anisamehe.

Ikabaki nani aje. Hapo wanaume wa Mamba wakaangaliana. Kumwita mkuu wa mtaa ni kukiri kwamba Tata Mwape aliwadanganya askari, na siku zile neno kama hilo lilikuwa na miguu mirefu. Walinong'ona, wakavuta tumbako. Mama mkwe bado amesimama, kichwa wazi, baridi inampiga. Akawaambia, "Kama banatafuta mwenye makosa, bamufuate ku kaburi." Babu yako, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka kazini na kofia yake ya tanurini mkononi, akacheka kabla hajajua linalochekwa, kisha akaenda mwenyewe kumwita.

Mkuu wa mtaa akaja, na kwa bahati njema akaja na jirani yake, mzee aliyestaafu uaskari, ambaye alizijua bunduki za namna ile. Yule mzee hakuwa na haraka hata kidogo. Alitusogeza sote nyuma zaidi ya tulivyokuwa. Aliifikia kwa ubavuni, wala hakupita mbele ya mdomo hata mara moja, alipiga magoti, akaimwagia maji pale penye fataki mpaka pakawa tope. Ndipo akakirudisha kile kinyundo. Akachukua ufito wake, akaupima kwanza nje ya mtutu, kisha akautia ndani. Ufito uligoma kabla ya kufika, ukabaki nje kama urefu wa kiganja. Alituonyesha ule ufito tuone kwamba ndani mna kitu. Akajaza maji mtutuni, akangoja sana, tukangoja naye, kisha akavuta kwa ncha ya parafujo kile kilichokuwa ndani. Zikatoka nyuzi za gome la mti zilizokuwa kizibo. Vikatoka vipande vya sufuria ya chuma iliyovunjwa, akavipanga kwenye sahani ya bati, kimoja kimoja. Vikatoka vipande vya sufuria ya chuma iliyovunjwa, akavipanga kwenye sahani ya bati, kimoja kimoja.

Tata Bwalya alivua kofia ya marehemu, akavua na koti. Akaketi mavumbini, akalia, na hakuwa analia kama mtani. Baadaye alimwomba mama yako msamaha, mtu mzima mbele ya mtoto, na mama yako akamwambia amtafutie mabua mengine. Akamtafutia.

Lakini jambo lilikuwa bado limesimama katikati ya ua. Mjane alikuwa amesema. Mjane alikuwa ameinuka peke yake, kichwa wazi, akaamuru wanaume. Woga ulipotutoka, tukalikumbuka hilo wote kwa pamoja, na macho ya watu yakamgeukia Shangazi Mulenga, kwa sababu hukumu ilikuwa yake. Mama mkwe hakujitetea. Alirudi mkekani, akaketi, akanyoosha miguu, akaangalia chini.

Shangazi Mulenga alikuja taratibu. Akainama, akakiokota kile kitambaa, akakikung'uta vumbi. Akamfunika wifi yake kichwa kwa mikono yake mwenyewe, akakaa ubavuni mwake mahali pangu. Kisha akawaambia watu, "Sie hatukusikia mujane kusema. Ile sauti ilikuwa ya kaka yangu. Muwindaji hawezi kuacha bunduki yake iue mujukulu wake."

Wazee wa Mamba wakaitikia mara moja. Ndiyo, ilikuwa ya Mwape. Walimtambua kabisa. Mmoja akasema hata kikohozi chake alikisikia. Ikapita uani faraja kama mvua ya kwanza, watu wakaanza kuongea wote kwa wakati mmoja, na jioni ile tulikula kwa hamu hata nyama ya kilio ikaisha kabla ya bukari. Mkuu wa mtaa akaondoka na gobori limefungwa ndani ya ule mkeka mzee, akasema marehemu hahojiwi, na hakuna aliyekuja kutusumbua. Mimi usiku huo nililala nimemshika Chanda mguu.

Miaka ikapita. Siku moja tumekaa na mama mkwe barazani, tunabangua karanga, nikamwuliza. Nilikuwa na shauku hiyo siku zote. Nikamwuliza kama kweli siku ile aliisikia sauti ya Tata Mwape ikimwingia. Alifikiri kwanza, kama kawaida yake. Akavunja karanga, akala.

"Ile sauti ilikuwa yangu, mama," akaniambia. "Ye asingesema kitu. Ni ye njo aliacha baruti mule ndani."

Tukacheka hata karanga zikamwagika. Kisha akashika mkono wangu, akanieleza kwamba pale mkekani alikuwa amekwisha kukubali kupoteza yote, jina, nyumba, ukoo, na kwamba hakuona ni ushujaa. Aliona ni kuchagua tu. Ukoo ukimfukuza, kesho yake ataamka. Mtoto akipigwa risasi, haamki.

Basi mwanangu, sasa unajua kwa nini sauti yangu jana ilikuwa kali. Mzaha mzaha hutumbua usaha. Bunduki uliyoikuta ardhini, darini au ndani ya sanduku la marehemu, ichukulie kwamba imejaa, hata kama kutu imeila, hata kama imezaliwa kabla ya babu wa babu yako, hata kama mtu mwenye akili zake anakuapia kwamba ni tupu. Baruti haina uzee kama wetu. Usiiinue. Kama umekwisha kuiinua, mdomo wake usimwangalie mtu, na kidole kikae mbali. Ilaze, waondoe watoto, waite wenye kazi hiyo, usitake kujua mwenyewe kilichomo. Udadisi wako unaweza kungoja. Ikae, kama haina kitu, imekaa bure, hakuna hasara.

Na siku wewe utakapokuwa mzee mwenye kitu cha hatari nyumbani, usimwachie mkeo peke yake siri hiyo mpaka kaburini. Nampenda Tata Mwape, Mungu amlaze pema, alininunulia kitenge nilipojifungua, lakini hapo alitukosea sisi wote, na nikimkuta huko nitamwambia.

Lililobaki ni hili. Ukiona wenzako wanacheka na wewe moyo unakuambia hapana, sema. Watakuita mwoga. Utaharibu mchezo. Huenda kuna mila, kuna mkubwa, kuna aibu inayokuweka chini mkekani. Sema hivyo hivyo. Mimi nilisema mara mbili nikaona nimemaliza wajibu wangu, na yule mama akanifundisha kwamba onyo halijamaliza kazi mpaka bunduki imegeuka.

Mungu akupe mikono isiyo na haraka, mwanangu, na ulimi usioona haya penye hatari. Akupe wenzako wa kukusikia. Uzeeke mpaka uchekwe na wajukuu, nao uwaone wakizeeka. Amina.

Nipigie wakishakuja kuichukua hiyo bunduki, hata kama ni saa ya kulala. Na ile picha uifute kabla mama yako hajaiona. Yeye mdomo wa bunduki ameuchungulia mara moja, inatosha.